Theluji ni Karatasi

Picha ile ilitundikwa juu ya kitanda, upande wa kushoto, mahali ambapo mwanga wa korido ulifika mlango ukiachwa wazi. Ilikuwa ndogo, upana wake kama trei ya chai. Nyeusi na nyeupe, basi: ghala la shambani, uzio ulioinama, mti mmoja usio na jani, na theluji kila mahali. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee karibu na Philadelphia, mwaka wangu wa pili Marekani. Kila baada ya saa mbili niliingia kumgeuza bibi yule ubavu ili ngozi yake isifanye vidonda, na kila nilipoinama uso wangu ulikutana na theluji ile. Usiku mmoja alikuwa macho. Akaniambia nisogee karibu, nisihangaike na jina la mchoraji lililoandikwa chini kwa penseli, nitazame theluji tu. Akaniuliza imepakwa rangi gani.

Nikajibu nyeupe. Akatikisa kichwa juu ya mto. Hakuna kilichopakwa pale, akasema; ile ni karatasi.

Leo nina picha za chapa 31. Zote ni za Marekani, zote ni mandhari, ama ya mashamba na pwani ama ya miji, na nyingi zilichapwa kati ya 1905 na 1950. Si mkusanyo mkubwa. Unaenea ndani ya masanduku mawili bapa chini ya kitanda, na picha nne au tano hukaa ukutani kwa zamu. Tangu usiku ule nimesoma vitabu, nimekwenda makumbusho, nimekaa na wauzaji wazee wanaoitambua karatasi kwa kuishika tu. Kila nilichojifunza kimekuwa ufafanuzi wa jibu lile. Katika picha hizi mwanga wote, uwe theluji, uwe dirisha lenye taa, uwe anga la asubuhi au lami iliyolowa mvua, ni karatasi ambayo wino haukuigusa. Anayezikusanya anatunza weupe ambao mtu mwingine aliuacha makusudi, na weupe huo unaweza kufa mikononi mwake.

Neno letu chapa limebeba mengi: kuna chapa ya gazeti, chapa ya ng'ombe, chapa ya kanga. Kwa hiyo nikisema nakusanya picha za chapa, ndugu na jamaa hudhani ninanunua picha za kalenda, yaani nakala za mchoro ambao wenyewe uko kwingine. Sivyo. Mchoraji hufanya kazi moja kwa moja juu ya kitu kitakachochapa: bamba la shaba, kibao cha mti, au jiwe la chokaa lililosuguliwa. Hakuna mchoro mwingine ulio mkubwa kuliko huo. Bamba likishapakwa wino na kupitishwa kwenye mashine pamoja na karatasi iliyoloweshwa kidogo, kinachotoka ndiyo kazi yenyewe. Kinachofuata nacho ndiyo kazi yenyewe, hata zikifika 50 au 250. Nilipolielewa hilo nilipata faraja ambayo haijaniacha. Kitu kinaweza kuwa halisi kabisa mkononi mwangu, na halisi vilevile mkononi mwa mtu nisiyemjua huko Ohio au Kansas, na kati yetu asiwepo aliyepunjwa.

Ya kwanza ya kweli niliyonunua kwa fedha yangu ilikuwa ya Stow Wengenroth, mtu aliyetumia karibu maisha yake yote kuchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe pwani za Maine na New England: miamba ya ufukweni, minara ya taa, mabanda ya wavuvi, misonobari iliyosimama kwenye ukungu. Ilinigharimu mshahara wa usiku nne. Nilipomwonyesha mama yangu kwa simu, yeye akiwa Tanga, aliitazama kwa muda mrefu.

"Hapo chini ni bahari?"

"Bahari, Mama."

"Mbona hawakuitia maji?"

"Mchoraji ameiacha karatasi wazi. Huo ni ukungu wa alfajiri."

Akanyamaza kidogo. "Ndivyo inavyokuwa. Marehemu baba yako angeijua hiyo."

Baba alikuwa mvuvi. Tangu siku ile mama hajaniuliza tena kwa nini natumia fedha kununua karatasi.

Jina ambalo kila mtu hulifahamu katika fani hii ni Edward Hopper, na hulifahamu kwa michoro yake ya rangi za mafuta. Lakini kabla dunia haijamjua, Hopper alikuwa mtu wa mabamba. Alianza mwaka 1915, akielekezwa na rafiki yake Martin Lewis, na katika miaka minane hivi akatengeneza picha karibu 70. Bamba la aina yake hupakwa kwanza tabaka la nta. Mchoraji hukwaruza nta kwa sindano, kisha bamba huzamishwa ndani ya asidi, na asidi hula shaba pale tu ilipofunuliwa. Mifereji hiyo ndiyo hushika wino. Hopper hakuridhika na wino wa kawaida wala karatasi ya kawaida. Aliagiza kutoka Uingereza wino mweusi tititi, na karatasi akachukua ya Italia kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyeupe kuliko zote alizoweza kuzipata. Alikuwa na vitu viwili tu vya kufanyia kazi, na alitaka kila kimoja kifike mwisho wake.

Tazama Night Shadows ya mwaka 1921. Tuko juu, kama tunaochungulia kutoka dirisha la ghorofa. Ni usiku, kwenye kona ya mtaa. Mwanamume mmoja anatembea peke yake, kofia kichwani, na mbele yake kivuli kirefu cha nguzo kimelala barabarani kama gogo ambalo itabidi alivuke. Mtu wa haraka ataona kivuli. Mimi huona kile kipande cha barabara kinachowaka, ambacho mkono wa Hopper ulikipitia kwa uangalifu bila kukijaza, na ambacho ndicho kinamfanya yule bwana aonekane yuko peke yake hivyo. Mwaka 1924 jarida la The New Republic liliiweka picha hiyo ndani ya mkoba wa picha sita za wachoraji wa Marekani, na zikachapwa nakala takriban 500. Si picha adimu, basi. Hata hivyo leo nakala moja nzuri huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, fedha ambayo sitakuwa nayo, na sioni uchungu wowote. Nimewahi kuwekewa mezani nakala yake, bila kioo katikati, katika chumba cha kusomea picha cha makumbusho. Nilikaa nayo saa nzima.

Uchungu wangu uko kwa mwalimu wake. Martin Lewis alizaliwa mwaka 1881 Castlemaine, Australia, akafika Marekani mwaka 1900 akiwa kijana asiye na chochote, na ndiye aliyempa Hopper misingi ya bamba. Yeye mwenyewe alipenda zaidi sindano kavu, njia isiyotumia asidi hata tone. Mchoraji hulima shaba kwa ncha ngumu, na kama jembe linavyoinua tuta pembeni mwa mfereji, ndivyo sindano inavyoinua ukingo mdogo wa shaba kandokando ya mstari. Ukingo huo hushika wino mwingi, na unapochapwa unatoa weusi laini, wenye kingo zilizofifia kama moshi. Lakini shaba ni laini na mashine ni nzito. Kila karatasi inayopita inaukandamiza ukingo ule. Baada ya nakala makumi machache unakuwa umelala, na mstari uliokuwa mahameli unakuwa waya. Ndiyo maana mkusanyaji wa picha za sindano huuliza kama nakala ilitoka mapema au mwishoni, na jibu halisomi kwenye namba iliyoandikwa chini. Hulisoma kwenye vivuli vyenyewe.

Glow of the City, mwaka 1929: mwanamke amesimama kwenye ngazi za chuma za dharura, nyuma ya nyumba za wapangaji, usiku. Mbele yake kamba za nguo zimekatiza ua mmoja baada ya mwingine, na ng'ambo, mbali kuliko inavyoweza kufikiwa kwa miguu, jengo la Chanin linang'aa kama kitu kisichohusika na wale wanaofua nguo zile. Lewis hakuandika maelezo. Aliacha karatasi izungumze juu ya jengo, akaacha wino uzungumze juu ya ua. Aliweza kuchora mvua, mvuke, jasho la kiangazi, taa ya duka inavyomwagika juu ya barafu iliyosagwa na matairi. Ninasema kwa uhakika wote nilio nao: katika kazi ya bamba mwalimu alimzidi mwanafunzi. Hopper alijua upweke wa mtu mmoja. Lewis aliijua hewa ambayo watu wote wa mji walikuwa wakiivuta pamoja.

Mwaka uleule wa 1929 soko la hisa lilianguka, na soko la picha za chapa likaanguka nalo. Lewis alilazimika kuuacha mji aliouchora na kuhamia Connecticut kwa miaka kadhaa. Aliporudi, watu walikuwa wakitazama kwingine. Alifundisha katika Art Students League, akaendelea kuchora, akafa mwaka 1962 huku wachache wakimkumbuka. Hopper, wakati huo, alikuwa mmoja wa wachoraji wakubwa kabisa wa nchi. Leo bei za Lewis zimepanda zikawakimbia watu wa kipato changu. Yeye hakuiona hata senti moja ya hizo.

Kabla yao alikuwepo John Sloan. Kati ya mwaka 1905 na 1906 alichora mfululizo wa picha za maisha ya kawaida ya New York: watu madirishani, watu barabarani, mke akizima taa kabla ya kulala. Mwaka 1906 jumuiya moja ya wachoraji ilimwalika azionyeshe kisha ikamrudishia nne kwa madai kwamba ni chafu. Uchafu wenyewe ulikuwa kuonyesha kwamba maskini nao wana vyumba vya kulala. Katika Roofs, Summer Night familia nzima nzima zimepanda na magodoro juu ya paa kwa sababu ndani hakulaliki kwa joto. Mtu aliyekulia Mombasa au Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa picha hiyo. Sloan alikuwa akiandika pembeni kwamba picha hutolewa nakala 100, lakini alichapa kadiri wanunuzi walivyopatikana, na wanunuzi walikuwa haba. Picha zake nyingi hazikukaribia idadi hiyo. Joseph Pennell, wa zama zilezile, alichora maghorofa ya New York kama mtu anayechora milima, kwa ufundi mkubwa, na watu wake ni nukta. Ninamheshimu zaidi kwa wosia wake kuliko kwa picha zake: aliiachia Library of Congress fedha za kununulia picha za chapa kwa ajili ya umma.

Lakini Philadelphia ilikuwa na mtu wake, na kwake ndiko moyo wangu uliko. Dox Thrash alizaliwa mwaka 1893 Griffin, Georgia, katika familia ya watu Weusi. Aliondoka Kusini angali kijana, akapigana Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, akajeruhiwa, akasoma sanaa Chicago, na hatimaye akaweka maskani Philadelphia. Katika miaka ya Mdororo Mkuu serikali ya Roosevelt ilianzisha mpango wa kuwalipa wasanii mshahara, Federal Art Project, na Philadelphia ikapata karakana ya uchapaji, Fine Print Workshop. Humo, mnamo mwaka 1937, Thrash alichukua kaborandamu, ule unga mgumu ambao wachapaji walisugulia mawe yao, akausugua juu ya bamba la shaba. Bamba lililosagwa hivyo hujaa vishimo visivyo na idadi. Ukilipaka wino na kulichapa linakupa usiku mtupu, kuanzia ukingo hadi ukingo. Kisha ndipo kazi inapoanza. Mchoraji anashika chuma laini na kulainisha shaba polepole, na kila panapolainika panakataa wino kidogo, halafu zaidi, hadi karatasi inachomoza.

Hopper anaanza na karatasi na kuuingiza usiku ndani yake. Thrash anaanza na usiku wenyewe. Ndani ya usiku ule akatoa vibanda vya Georgia aliyoiacha, yadi za reli, nyuso za majirani ambao hakuna bamba lililowahi kupoteza muda juu yao. Pamoja na wenzake Michael Gallagher na Hugh Mesibov waliiendeleza njia hiyo, na Thrash alitaka iitwe kwa jina la mama yake, Ophelia. Halikushika. Vitabu vinaiita kwa jina la unga.

Mtaa aliokuwa akiishi, Cecil B. Moore Avenue, haupo mbali na njia ya basi langu. Alifariki mwaka 1965, na makumbusho makubwa ya mji yakamfanyia maonyesho yake rasmi mwaka 2001. Katikati hapo waliomhifadhi walikuwa maktaba ya umma, Free Library, na wakusanyaji wachache wenye macho. Dave na Reba Williams, mume na mke, walizunguka wakinunua picha za chapa za Marekani wakati wengi hawakuzitaka, zikiwemo za wasanii Weusi, wakazipeleka kwenye maonyesho mji kwa mji katika miaka ya 1990. Mwaka 2008 mkusanyo wao wa picha zaidi ya 5,200 ukaingia National Gallery of Art mjini Washington. Hapo ukusanyaji unakuwa kazi ya heshima. Mtu anaokota kilichodharauliwa, anakitunza bila kukibadilisha, kisha anakirudisha mahali ambapo yeyote anaweza kuingia kukitazama.

Picha za mpango ule wa serikali ziligawiwa shule, hospitali na maktaba. Wasanii waliruhusiwa kubaki na nakala chache, lakini zilizogawiwa ziliendelea kuwa mali ya taifa, na serikali ya Marekani huzidai hadi leo zikionekana sokoni. Ukikuta picha ya miaka hiyo yenye mhuri wa mradi, uliza ilitoka wapi kabla hujatoa pochi. Nilishaiacha moja kwa sababu hiyo, yadi ya makaa ya mawe alfajiri, na ninaikumbuka kila mstari.

Sambamba na serikali kulikuwa na mfanyabiashara aliyefikiri tofauti na wenzake. Mwaka 1934 Reeves Lewenthal alianzisha Associated American Artists, akaanza kuuza picha za chapa zenye sahihi ya mchoraji kwa dola 5 kila moja, kwanza kupitia maduka makubwa ya nguo na vyombo, baadaye kwa posta. Grant Wood, Thomas Hart Benton na John Steuart Curry wote walichora kwa ajili yake. Kwa kawaida zilitolewa nakala 250. January ya Grant Wood, ya mwaka 1937, ni mabunda ya mabua ya mahindi yaliyofunikwa theluji, yamejipanga shambani kama vibanda vya kijiji kilicholala, na nyayo za sungura zikipotelea ndani ya bunda lililo karibu. Mkulima wa Mbozi au Kitale atayatambua mabua yale kabla hajaitambua theluji.

Bibi wa zamu yangu ya usiku alikuwa mmoja wa wateja wale wa posta. Alikuwa na miaka 19, mfanyakazi wa kiwanda cha soksi, na dola 5 zilikuwa sehemu kubwa ya ujira wake wa wiki. Alinisimulia kwamba picha ilipofika dada zake walimuuliza kwa nini hakununua viatu. Viatu, aliniambia, angekuwa ameshavisahau.

Baada yake nilianza kununua, na nilianza vibaya. Katika gulio moja la vitu vya kale, muuzaji mmoja aliniuzia kwa dola 180 picha aliyoniapia kuwa ni ya Lewis, ndani ya fremu nzito ya kale. Niliibeba nyumbani kwa treni nikiwa nimeikumbatia. Wiki mbili baadaye nilinunua kioo kidogo cha kukuzia, kile cha kuangalizia vito, nikakisogeza juu ya kivuli cha mlango. Nikaona nukta. Nukta ndogo za mviringo, safu kwa safu, kama zilivyo katika gazeti. Ilikuwa ukurasa uliokatwa kwenye kitabu. Mstari wa bamba hauna nukta. Ni mwinuko wa wino ambao kidole kinaweza kuuhisi, na pembeni mwa picha bamba huacha alama yake, mfinyo wa mstatili uliozama kidogo kwenye karatasi. Tangu siku hiyo kioo kile kinakaa mfukoni, na sinunui kilichofungiwa ndani ya fremu ambayo mwenyewe hakubali kuifungua.

Kuifungua fremu kuna sababu nyingine, na hapa narudi kwenye weupe. Watengeneza fremu wa zamani walitumia kadibodi ya bei rahisi, iliyotengenezwa kwa mti uliosagwa. Kadibodi hiyo ina asidi. Mwaka baada ya mwaka asidi inahamia kwenye karatasi ya picha na kuiunguza, na ukiondoa fremu unakuta mstari wa kahawia umeizunguka picha pande zote nne, kama alama ya maji ya mafuriko kwenye ukuta. Wengine walibandika picha kwa utepe wa gundi, na gundi ikageuka kuwa lami. Wengine walikata pambizo ili picha ienee kwenye fremu waliyokuwa nayo tayari, wakakata hadi sahihi. Unyevu huleta madoa ya kutu. Jua halina haraka, lakini halisamehi. Karatasi inabadilika kuwa njano, na theluji ya Januari inakuwa vumbi la Agosti. Barabara ya Hopper inazimika. Jengo la Lewis linaacha kung'aa. Wino haujapotea hata chembe. Kilichopotea ni kile ambacho mchoraji hakukigusa.

Kwa hiyo najifunza kutunza. Kadibodi yangu ni ya pamba tupu. Picha naishikilia kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao ukitiwa maji unaachia bila kung'oa kitu. Ukutani naweka upande ambao jua halifiki, miezi mitatu, kisha inarudi gizani na nyingine inachukua nafasi. Mgeni aliyewahi kulala kwangu aliniuliza kuna raha gani kumiliki picha ambayo muda mwingi imo sandukuni. Nilimtolea mojawapo, tukaishika chini ya taa, yeye upande huu na mimi upande ule. Hakuuliza tena.

Siwezi kumaliza bila kumtaja Blanche Lazzell, kwa sababu yeye aliufanya weupe kuwa mstari. Huko Provincetown, Massachusetts, mnamo 1915 na 1916, kikundi cha wachoraji alichojiunga nacho, wengi wao wanawake, walianza kuchonga picha nzima kwenye kibao kimoja, badala ya kibao kwa kila rangi kama Wajapani. Walichonga mfereji kati ya umbo na umbo, wakapaka rangi kipande kwa kipande kwa brashi, wakaisugua karatasi juu yake kwa mkono. Panapopita mfereji hapana rangi. Paa za kijiji, gati, matanga, vyote vimetenganishwa na kushikanishwa na uzi mweupe wa karatasi. Hakuna nakala mbili zinazofanana, kwa kuwa rangi ilipakwa upya kila mara. Sina hata moja ya Lazzell. Ninayo ya mtu ambaye jina lake halimo vitabuni, mashua tatu kwenye maji ya zambarau, na sitaibadilisha.

Bibi alifariki mwezi wa Februari, alfajiri, zamu yangu. Sheria za kazi zilikuwa zimetukataza kupokea zawadi kwa wazee, na aliponiambia mara mbili kwamba nichukue picha ile, mara mbili nilimkatalia, na najua nilifanya sawasawa. Kufikia jioni chumba kilikuwa kimesafishwa. Watoto wake walikuwa watu wema waliokuja kutoka mbali na kuchoka kwa safari. Vitu vyake viliingia kwenye maboksi, maboksi yakaingia kwenye lori la misaada, na picha ikaenda pamoja na taa ya mezani na viatu. Nyuma ya fremu ile kulikuwa na karatasi ndogo iliyopigwa taipu, yenye jina la picha na la mchoraji. Niliisoma mara nyingi usiku. Hakuna aliyeigeuza siku ile, na mimi sikuwepo kuwaambia.

Wengi wetu tuliokuja huku kutoka Afrika Mashariki tunafanya kazi ile niliyoifanya. Tuko ndani ya vyumba vya wazee wa nchi hii usiku kucha, tukiwa macho wakati watoto wao wamelala miji mingine. Ninakuomba jambo moja, wewe unayesoma haya kabla ya zamu yako. Ukiona ukutani picha ndogo ya nyeusi na nyeupe, yenye sahihi ya penseli chini na mfinyo wa bamba pembeni, muulize mwenyewe angali hai alikoipata, na umsikilize. Siku familia itakapokuja na maboksi, waambie waigeuze kwanza wasome mgongo wake.